Nani Aukatae Unga? Udhibiti wa Chakula cha Shule na Makazi ya Wazee, Bonde la Ruvuma

Katika kata ya Mahurunga, wilaya ya Mtwara, karibu na Mto Ruvuma unapoingia baharini, chakula cha mwanafunzi wa shule ya kutwa huanzia nyumbani kwa mzazi. Huyu ataleta debe la mahindi, yule makopa ya muhogo, mwingine mbaazi au fedha taslimu. Kamati ya shule inapokea, mwalimu anaandika daftarini, stoo inafungwa, na mpishi analipwa kwa michango hiyo hiyo. Njia hii haina mzabuni wala ankara, na magunia yake hayana jina la kiwanda wala tarehe ya mwisho wa matumizi.

Ukiuliza chakula hiki kinadhibitiwa na nani, jibu la kisheria ni refu na jibu la kweli ni fupi: mama mpishi.

Jibu refu ni hili. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya 2003 iliunda TFDA. Sheria ya Fedha ya 2019 ikaitoa kazi ya chakula na vipodozi huko na kuikabidhi kwa Shirika la Viwango, TBS, na kuanzia Julai 2019 TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. TBS, shirika lililoanzishwa 1975, lina ofisi ya Kanda ya Kusini mjini Mtwara. Maafisa afya wa halmashauri, ambao wananchi bado wanawaita mabwana afya na mabibi afya, wanapata meno yao kwenye Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyokuwepo tangu 1973, hutoa utaalamu. TAMISEMI ndiyo yenye shule, na Wizara ya Elimu ndiyo yenye sera na mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi. Samaki wana wizara yao. Makao ya watoto na makazi ya wazee yako chini ya ustawi wa jamii.

Ni taasisi nyingi, na kila moja ina kazi halali. Ila ukiziangalia vizuri utaona kwamba zimesimama karibu zote kwenye mlango mmoja, yaani mlango wa biashara. Wanaotazamwa ni kiwanda, ghala, duka, bucha, mgahawa na bandari. Kanuni za kuongeza virutubishi za 2011, kwa mfano, zinahusu unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula yanayotoka viwandani. Mashine ya kusaga kijijini, ambako mama anapeleka ndoo yake na kurudi nayo baada ya robo saa, kiutendaji iko nje ya uangalizi huo. Debe la makopa ya mzazi liko nje zaidi.

Mijadala ya udhibiti wa chakula huishia kwenye maabara na mihuri, kana kwamba tatizo ni upungufu wa vipimo. Naona tatizo la kwanza ni la nguvu. Kati ya wote wanaokigusa chakula kabla hakijafika sahanini, nani anaweza kusema "hiki hapana", na neno lake likafuatwa? Mtoto hana nguvu hiyo. Mzee asiye na ndugu hana. Aliye baina ya stoo na sufuria mara nyingi naye hana, na sababu hutegemea chakula kimekujaje: kwa zabuni, kwa msaada au kwa mchango.

Zabuni ndiyo inayosimamiwa zaidi kwenye karatasi. Shule za bweni za serikali, vyuo na makazi ya wazee hununua kwa utaratibu wa manunuzi ya umma, ambao sasa unaongozwa na sheria ya 2023 na kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kuna vigezo vya bidhaa, kuna kamati ya ukaguzi na mapokezi, kuna leja. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, chakula cha mwanafunzi wa bweni kilipangiwa shilingi 1,500 kwa siku. Igawe kwa uji wa asubuhi, chakula cha mchana na cha jioni, utapata shilingi 500 kwa mlo, na humo humo zitoke mboga, mafuta na chumvi. Kwa bei hiyo, mshindi wa zabuni atapatikana kwa urahisi. Maharage mazuri yatapatikana kwa shida. Wazee walishasema kwamba rahisi huvunja upishi.

Lakini bei siyo inayomfunga mdomo mkuu wa shule. Kinachomfunga ni deni. Wazabuni wa chakula kuzidai shule za serikali ni jambo lililoulizwa bungeni mara nyingi, na kila aliyewahi kukaa karibu na ofisi ya mhasibu wa shule analijua. Mzabuni anayedai miezi minne huleta gunia kwa hisani yake. Ukimrudishia maharage yenye fukusi, kesho haleti kitu, na wanafunzi 400 wanakusubiri bwaloni. Hivyo kamati ya mapokezi inasaini. Saini iko sahihi, taratibu zimefuatwa, na mkaguzi wa hesabu atakuta faili safi.

Kabla ya kusema kwamba dawa ni wakaguzi wengi zaidi, ni vizuri kuitazama nchi iliyokuwa nao. Kusini mwa Wales, mwaka 2005, bakteria hatari wa aina ya E. koli O157 waliwapata watu 157, wengi wao watoto wa shule, na mtoto wa miaka mitano akafa. Shule zaidi ya 40 ziliguswa. Nyama ilitoka kwenye bucha moja ya mji wa Bridgend iliyokuwa na mkataba wa kulisha shule. Mwenye bucha alikuwa akitumia mashine ileile kufungia nyama mbichi na nyama iliyopikwa. Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja mwaka 2007, na uchunguzi ulioongozwa na Profesa Hugh Pennington ukatoa ripoti yake 2009. Bucha ile ilikuwa imekaguliwa, na kumbukumbu za usafi zilikuwepo. Wakaguzi walisoma karatasi, hawakusoma mashine.

Njia ya pili, ya msaada, inaonekana kuwa salama kwa sababu aliyetoa ana jina kubwa. Machi 2019, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, watu karibu 300 waliugua na watano wakafariki baada ya kula uji wa lishe uliogawiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Walichanganyikiwa, wakaona mauzauza, wengine wakapoteza fahamu. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndani ya unga ule, uliotengenezwa ng'ambo, kulikuwa na sumu ya mmea wa jamii ya mnanaha, ambao huota kama gugu shambani na mbegu zake huvunwa pamoja na soya au nafaka. Bidhaa ilikuwa na viwango na vyeti. Sumu hiyo haikuwa miongoni mwa vitu vilivyokuwa vikipimwa kwa kawaida. Kipimo hujibu kile ulichokiuliza tu.

Makao ya watoto na makazi ya wazee huishi sana kwa msaada. Tanzania Bara ina makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni, Kolandoto mkoani Shinyanga na Nandanga mkoani Lindi. Zanzibar ina Sebleni na Welezo. Tunayo Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na makao ya watoto yana kanuni zake chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Lakini tazama chakula kinavyofika huko. Mwezi wa Ramadhani na sikukuu za mwisho wa mwaka, kampuni na vikundi vya akina mama huja na mchele, mafuta, sukari, tende na juisi, picha zinapigwa, risala inasomwa. Nani atasimama mbele ya wageni waheshimiwa asome tarehe kwenye boksi na kusema muda wake umepita? Msimamizi mwenye adabu atashukuru. Akishaondoka mgeni, boksi linabaki, na bajeti ya mwezi imekwisha.

Kwa wazee kuna jambo la ziada ambalo viwango vya TBS haviligusi kabisa. Unga unaweza kuwa safi na bado usimfae mzee asiye na meno, mwenye kisukari au shinikizo la damu. Chakula bora kwa mtoto wa miaka 12 anayekimbia uwanjani si chakula bora kwa bibi wa miaka 80. Mahurunga haina makazi ya wazee. Wazee wake wanatunzwa na watoto na wajukuu, na huko hakuna mkaguzi wala hatumtaki. Lakini wanakula kutoka debe lilelile la makopa linalopelekwa shuleni. Kwa hiyo njia ya tatu, ya mchango, inawahusu wote wawili, mtoto na babu yake.

Hapo ndipo nataka tukae.

Muhogo ndio uti wa mgongo wa chakula cha Mtwara. Unavumilia ukame na ardhi ya kichanga, na unaweza kukaa ardhini hadi siku utakapouhitaji. Wakulima wengi wanapanda aina chungu kwa makusudi, kwa kuwa nguruwe pori, nyani na hata mwizi wa kibinadamu huuepuka. Uchungu huo ni dalili ya kemikali zinazotoa sianidi. Muhogo mchungu ukimenywa, ukalowekwa siku kadhaa, ukavunda na kukauka, sumu yake huondoka kwa kiasi kikubwa. Lakini desturi ya pwani ya kusini ni makopa: muhogo unamenywa na kuanikwa juani bila kulowekwa. Makopa yanahifadhika vizuri na yanatoa ugali mweupe. Kwa kuondoa sumu, ni njia dhaifu. Na inapokuja njaa, watu hufupisha hata hiyo: hutwanga muhogo mbichi na kuanika upesi upesi, ili unga upatikane mapema, njia inayojulikana kusini kama chinyanya.

Matokeo yameandikwa. Mwaka 1988 wilayani Masasi watu walilewa muhogo, wakitapika na kupata kizunguzungu, na watafiti wakiongozwa na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe wakauchunguza mlipuko ule. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaja jambo zito zaidi: wagonjwa wa konzo walipatikana katika wilaya za Mtwara na Mbinga. Konzo hupooza miguu yote miwili ghafla, mtu akalala mzima na kuamka hawezi kusimama. Haiui, lakini haiponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ng'ambo ya Ruvuma wanaijua tangu zamani: mwaka 1981, wakati wa ukame, mkoa wa Nampula nchini Msumbiji ulipata wagonjwa zaidi ya 1,100, na vita vilipochacha mwanzoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa ukarudi. Ukame na vita vinafanya kazi moja: vinamnyima mama siku za kuuandaa muhogo.

Mpakani hapa hilo si historia tu. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado nchini Msumbiji walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, jirani kabisa. Mkulima anayeogopa kulala shambani bondeni huuacha mpunga na kurudi kwenye muhogo wa karibu na nyumba, anaouchimba leo ili ale kesho.

Kiwango cha kimataifa kinasema unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Kiwango kipo na Tanzania inakijua. Sasa mpeleke afisa wa viwango Mahurunga na umuulize atakipima wapi. Unga haujafungwa popote, haujauzwa na mtu yeyote, na kila debe limetoka shamba tofauti. Sampuli moja kutoka stoo haisemi lolote kuhusu gunia la jirani. Mfumo wa kupima shehena kwa sampuli haukuumbwa kwa chakula cha namna hii.

Ajabu ni kwamba kwa muhogo dawa rahisi ipo na haihitaji muhuri. Mwanakemia Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alibuni njia ya kulowesha unga. Unaweka unga kwenye beseni, unatia maji na kukoroga hadi ulowane wote, unautandaza tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, unauacha saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha unasonga ugali siku hiyo hiyo. Sumu hupungua mara tatu hadi sita, kwa sababu sianidi huruka hewani kama gesi. Njia hii ilifundishwa kwa akina mama huku kusini baada ya milipuko, na ni Bradbury huyo huyo aliyetengeneza kipimo cha karatasi ya njano inayogeuka kahawia kadiri sumu ilivyo nyingi. Unaiacha usiku kucha, asubuhi unalinganisha rangi. Mwalimu wa sayansi wa darasa la saba anaweza kuifanya mbele ya wanafunzi wake, na likawa somo.

Mwili nao una njia yake ya kuivunja sianidi, lakini unahitaji protini yenye salfa, ile inayopatikana kwenye samaki, mayai na kunde. Ndiyo maana konzo huwashika wanaokula muhogo mtupu. Mboga kwenye sahani ya mwanafunzi ni kinga. Mahurunga iko mahali ambapo dagaa hutoka pwani ya Msimbati na samaki wa maji baridi hutoka mtoni, na mbaazi na choroko hukua hata mwaka mbaya. Hata hivyo daftari la michango ya shule nyingi huorodhesha kilo za nafaka kwanza na kuiachia mboga sentensi ya mwisho, "ikipatikana". Kama ningeruhusiwa kubadilisha mstari mmoja tu kwenye utaratibu wa michango, ningeifuta "ikipatikana".

Chumvi ni mfano mwingine wa sheria nzuri inayopitiliza mlango. Kuongeza madini joto kwenye chumvi ni lazima tangu miaka ya 1990. Lakini Mtwara na Lindi zina mashamba ya chumvi ya wazalishaji wadogo, na chumvi yao huuzwa kwa kisado hadi vijijini bila kuongezwa chochote, hata mikoa hii ikawa kati ya iliyobaki nyuma kwa kaya zinazotumia chumvi yenye madini joto ya kutosha. Hapo muhogo na chumvi vinakutana. Sianidi ikivunjwa mwilini huacha kitu kinachoizuia tezi ya shingo kuchukua madini joto. Palipo na muhogo mwingi usioandaliwa vizuri na chumvi isiyo na madini joto, akili ya mtoto inapigwa kutoka pande mbili. Chumvi ya shule inaweza kununuliwa ya pakiti yenye nembo, na kuijaribu kwa matone ya kipimo cha haraka ni kazi ya sekunde chache. Kati ya yote yaliyomo stoo, hii ndiyo bidhaa pekee ambayo sioni udhuru wowote wa kuipokea bila nembo.

Kuhusu mahindi nitakuwa mfupi, maana sumukuvu imeshasemwa sana tangu 2016, ilipowapata watu 68 na kuwaua 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu yote, na 5 kwa aina ya B1 iliyo kali zaidi. Haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupika. Lakini fangasi wanaoitoa wana masharti: wanataka unyevu. Joto na unyevu wa pwani vinaifanya stoo ya shule kuwa hatari kuliko shamba. Mahindi yaliyopokelewa mabichi mabichi, yakarundikwa sakafuni na kuegemea ukuta unaovuja, yatakuwa na sumu Machi hata kama yalikuwa safi Agosti. Vichaga vya mbao na mifuko isiyopitisha hewa, ambamo dumuzi hufa bila dawa, vina faida kuliko kipimo kimoja cha maabara Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa.

Dawa zenyewe ni hadithi nyingine, na Mtwara haiwezi kuikwepa. Huu ni mkoa wa korosho. Kila msimu salfa ya kupambana na ubwiriunga na viuatilifu vya maji vya kuua mbu wa mikorosho huingia vijijini kwa wingi, na vingi hulala ndani ya nyumba za watu, na makopo matupu hutafutiwa kazi nyingine. Julai 2013, katika kijiji cha Gandaman, jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana cha shule kilichopikwa kwa mafuta yenye kiuatilifu cha monokrotofosi. Iliripotiwa kwamba mpishi aliishuku harufu na hali ya mafuta yale, akasema, akaambiwa aendelee kupika. Mwalimu mkuu alihukumiwa mwaka 2016.

India ina mpango mkubwa kuliko wote duniani wa kulisha watoto shuleni, una sheria, una amri za Mahakama ya Juu ya nchi, una viwango. Siku ile kilichokosekana ni kitu kidogo sana: mpishi mwenye haki ya kuzima moto.

Ndiyo maana napendekeza kwamba udhibiti wa chakula cha shule za michango uanzie kwake. Tanzania inadai mtoa huduma wa chakula apimwe afya kila baada ya miezi sita na awe na kadi. Kadi inahakikisha kwamba hatawaambukiza watoto homa ya matumbo. Haimpi mamlaka yoyote juu ya kile anachokipika. Iongezwe hati nyingine, fupi, iliyosainiwa na mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu na afisa afya wa kata, inayosema kwamba mpishi akikataa unga, maharage au mafuta, hayapikwi siku hiyo mpaka watu wawili wa kamati wayaone, na kwamba hatakatwa ujira wala kusemwa kwa kukataa kwake. Mzazi aliyeleta debe lililokataliwa asitangazwe mkutanoni. Abadilishiwe kimya kimya, aelekezwe namna ya kuloweka au kukausha, basi. Aibu ikiingia kwenye mchango, watu wataacha kuchanga, au watawatuma watoto na kile kibaya zaidi walicho nacho ili tu waonekane wametoa.

Pingamizi kubwa ninalisikia tayari, na ni la haki. Ukikataa unga mbovu na hakuna mwingine, mtoto anashinda njaa. Njaa nayo ina madhara, tena ya leo leo. Takwimu za afya za 2022 zinaonyesha kwamba watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Hao ndio wanaoingia darasa la kwanza. Mwalimu atakayeambiwa achague kati ya makopa yenye mashaka na sufuria tupu atachagua makopa, nami nisingemlaumu. Udhibiti usio na gunia la akiba ni ukatili wenye maneno ya kitaalamu.

Kwa hiyo sharti la pili ni gunia la akiba, na hapa kalenda ya kusini inatusaidia. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliondoa ada. Waraka uliofuata wa 2016 ukaweka wazi kwamba chakula cha wanafunzi wa kutwa ni jukumu la wazazi. Lakini fedha ya mzazi wa Mahurunga haiji mwaka mzima. Inakuja na minada ya korosho, Oktoba hadi Desemba au Januari, kupitia vyama vya msingi na stakabadhi ghalani. Shule zinafunguliwa Januari, na miezi inayofuata ndiyo ya njaa: mavuno ya zamani yamekwisha, mapya hayajakomaa, watu wanachimba ming'oko porini. Ukidai debe la mahindi Februari, unadai kutoka ghala tupu, na utaletewa mwisho wa gunia, penye vumbi na dumuzi. Ukipokea mchango wa fedha Novemba, kijiji kikanunua kwa pamoja chakula cha miezi mitatu kutoka kwa wakulima wenyewe kilipo kizuri na kikavu, umepata ubora kwa bei ileile. Brazil iliandika kwenye sheria yake ya 2009 kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue kwa wakulima wadogo. Sisi hatuna fedha za Brazil, lakini huyo mkulima mdogo tunaye mlango wa pili kutoka shuleni, na kizuizi ni kwamba mfumo wa manunuzi unamtaka awe na sura ya kampuni.

Kwa TBS na ofisi ya afya kuna kazi nyingine, na si ya kuzunguka kila stoo. Waandike kiwango kwa lugha ya kijiji: mahindi yakitikiswa kwenye chupa kavu yenye chumvi na chumvi ikaganda, bado ni mabichi, makopa yenye ukungu mweusi au kijani hayapokelewi, unga wa muhogo haupikwi bila kuloweshwa. Karatasi moja ibandikwe kwenye mlango wa stoo. Vipimo vya karatasi vya sianidi na vya madini joto vipelekwe kwenye zahanati ya kata, na TARI Naliendele, kituo cha utafiti kilichoko Mtwara hapa hapa na kinachoshughulika na muhogo na karanga pamoja na korosho, kiombwe kuwafundisha walimu. Maabara kubwa ibaki kwa zabuni na misaada, ambako shehena ni moja na ina mwenyewe wa kushtakiwa. Na kwa zabuni kuna sharti moja tu lenye maana: mzabuni alipwe kwa wakati. Shule isiyo na deni ndiyo inayoweza kurudisha gunia.

Wakuu wa mikoa husaini mikataba ya lishe, na halmashauri hupangiwa kiasi cha fedha kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto akishavuka umri huo na kuvaa sare, hesabu yake inahamia kwa mzazi. Vikao vya kupanga bajeti ya halmashauri hufanyika kipindi kilekile cha minada ya korosho, na mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Madiwani wa kata za bonde la Ruvuma waingie na swali moja lililoandikwa: shule ikikataa gunia kesho, fedha za kununua lingine ziko kwenye kifungu gani? Wasikubali kutoka ukumbini na jibu la mdomo.